Tumbo Nje

Niliinua jiwe moja tu la ukuta,
jiwe la zaha, jeusi, lenye vitundu kama mkate,
na chini yake, katika ubaridi wa mwezi wa tatu,
alikuwapo tandu mwembamba, uzi wa kahawia,
miguu mingi hata nikachoka kuihesabu,
asijue kwamba nimemfunua paa.

Mwache, akasema shangazi Mafalda.
Mkasi wa kupogolea ulikuwa mkononi mwake
na mzabibu alioukata ulikuwa ukidondosha machozi
kwenye kiatu chake cha kushoto.
Tukachuchumaa. Nyuma yetu mlima Vesuvio
ulikuwa kimya, kama mtu anayejisingizia usingizi.

Mbawakawa akatokea,
mweusi kama kiatu cha mazishi,
mkia juu, taya wazi kama koleo la fundi.

Kila mnyama nimjuaye huficha tumbo.
Kobe hulifungia ndani kwa komeo.
Kalunguyeye hulizungushia miiba.
Hata mimi, usiku ule Renzo aliponipigia simu
kusema harudi, wala nisimngoje,
nilijikunja hivyohivyo, magoti kifuani,
mgongo ukiutazama mlango.

Tandu akajikunja kinyume.
Mgongo ndani, tumbo nje,
tumbo laini, jeupejeupe, lisilo na gamba,
akaliweka mbele ya taya zile
kama anayemkaribisha mgeni sebuleni.
Nikadhani amekosea. Nikanyoosha kidole nimgeuze.
Shangazi akanipiga kibao cha mkono.

Basi katika pingili moja baada ya nyingine,
kwenye vinyweleo nisivyoviona,
ukachuruzika ute.
Mbawakawa akauma.
Aliuma ulimbo.
Taya zikafumba, zikakataa kufumbuka;
ute ulipogusa hewa uliganda upesi
kuliko nta kwenye maji.
Akarudi nyuma. Akajipangusa uso kwa miguu,
miguu nayo ikanasa usoni,
akawa mlafi aliyeshonwa mdomo na tonge lake mwenyewe,
akizunguka, akizunguka, asijue wa kumlaumu.

Alhamisi akaja Bwana Tagliamonte,
mara ya tatu tangu Krismasi,
na futi yake ya chuma na viatu vyake vya mjini,
kulipima shamba analotaka kulijengea hoteli.
Mwaka jana shangazi alimfukuza kwa mbwa.
Mwaka juzi, kwa maneno ambayo padri aliyasikia.
Safari hii alimvutia kiti.
Akamwekea kashata ya lozi na asali,
ile ngumu ya kipande kikubwa, na akaanza kusema.

Alisema deni, tarakimu kwa tarakimu.
Alisema kikohozi cha Ottavio, miezi minne,
na beseni, na rangi ya kilichokuwa ndani ya beseni.
Alisema baridi iliyoua machipukizi yote kwa usiku mmoja.
Alisema mtoto yule wa kike aliyezaliwa kimya,
ambaye mimi, mpwa wake wa damu, sikuwahi kumsikia,
na akaonyesha kwa kidole, pale, chini ya mzabibu wa pembeni,
pale ulipoweka begi lako.

Bwana Tagliamonte alikuwa na bei mdomoni.
Nilimwona akiitafuta.
Meno ya juu yalikuwa yameshikana na ya chini,
asali ikimtoka pembeni ya midomo,
na macho yake yalikuwa kwenye begi.
Akainuka. Akalichukua kwa mikono miwili, taratibu,
kama anayebeba sahani iliyojaa mchuzi.
Futi aliisahau mezani.

Jioni shangazi hakula.
Alilala na viatu, taa ikiwaka,
mkavu, amekamuliwa, asiyetaka hata maji.
Nadhani na tandu huwa hivyo:
silaha ile haipatikani bure,
na ajaye kesho humkuta mtupu.

Nilitoka na tochi hadi ukutani.
Nililigusa jiwe, halafu sikuliinua.
Jikoni simu yangu ilikuwa ikilia,
na mlio ule niliujua ni wa nani.
Niliiacha ilie mara tano.
Ya sita, nikaanza kutembea.